Katani Bila Madawa: Faida Yake kwa Udongo

Mwalimu mmoja alitujia na swali. Alikuwa amesikia kwamba Wafaransa wanalima «chanvre» katika mashamba makubwa, tena wanausifu mmea huo kwamba watengeneza udongo. Vijana wa kijiji chake wamekwisha kulipata neno hilo, nao wanasema: «Kama Ulaya wanalima bangi, kwa nini sisi tukatazwe?» Mwalimu akashindwa kuwajibu. Swali lake ni jema, na wengi wanalo. Basi tulijibu kwa utaratibu.

Kwanza, tutenganishe mambo mawili. Bangi ya kuvuta na katani ya nyuzi ni za ukoo mmoja, ambao Linnaeus aliupa jina la Cannabis sativa mwaka wa 1753. Lakini si za namna moja. Tufikiri juu ya mihogo: kuna mitamu, na kuna michungu yenye sumu, na yote ni mihogo. Bangi ina nguvu nyingi ya kulevya, ambayo wataalamu huiita THC. Katani ya nyuzi karibu haina. Tangu mwaka wa 2023 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka THC isipite 0,3 kwa mia, na mkulima anapashwa kupanda mbegu zilizokubaliwa na kuandikwa. Sisi Wakongo tunaijua zaidi ile nyingine. Huko Kasai, katika karne ya 19, chifu Kalamba Mukenge na watu wake waliivuta katika chama chao cha Bena Diamba. Kiisha amri ya mwaka wa 1903 ikakataza bangi katika nchi yote. Ndiyo sababu jina lenyewe latutia hofu.

Sasa twende Ufaransa, mahali mwalimu alipopataja. Nchi hiyo ndiyo inayolima katani nyingi kupita nyingine zote za Umoja wa Ulaya. Zamani nyuzi zake zilisokotwa kuwa kamba za merikebu za mfalme Louis XIV, katika nyumba kubwa ya kamba ya Rochefort. Siku hizi wakulima wengi wa katani wako upande wa Aube, katika Champagne, ambapo ushirika wao ulianzishwa mwaka wa 1973. Wanapanda mwezi wa Aprili au Mei, wanavuna kabla ya baridi kuja. Wako kati yao wanaolima bila mbolea ya fabriki na bila madawa ya sumu. Tuwatazame hao: wanapata faida gani?

Faida ya kwanza ni juu ya magugu. Mbegu hupandwa karibu karibu. Mimea huota upesi, na baada ya majuma machache majani yafunika udongo wote. Magugu yanakosa mwanga, yanakufa. Mkulima anayekataa madawa ya kuua magugu hana silaha nyingine ila jembe, mashine na jasho. Kwake mmea unaopalilia wenyewe ni msaada mkubwa, na ngano itakayofuata itakuta shamba safi.

Faida ya pili ni juu ya udongo wenyewe. Mzizi mkuu wa katani hushuka sana chini, hufungua ardhi iliyoshikamana, na mvua hupata njia ya kuingia. Juu, majani hupokea matone ya mvua yasipige udongo na kuuchukua. Baada ya kukata, mashina hulazwa shambani majuma kadhaa, umande na vijimea vidogo vilegeze nyuzi. Majani yanaanguka, yanaoza, yanarudi katika udongo. Zamani watu walilowesha mashina katika mito na mabwawa. Maji yakaharibika na samaki wakafa. Kulaza shambani ni njia bora.

Faida ya tatu ni juu ya viumbe na maji. Wadudu wanaoidhuru katani ni wachache, kwa hiyo si lazima kunyunyiza sumu. Maua yake huenezwa na upepo, lakini nyuki huja kuchukua unga wake wakati maua mengine yamepungua. Tena katika Ufaransa katani kwa desturi hukua kwa maji ya mvua tu, bila kumwagiliwa.

Faida ya nne ni juu ya hewa. Kila mmea unaokua hukamata kaboni ya hewa. Kamisioni ya Umoja wa Ulaya inahesabu kwamba hekta moja ya katani hukamata tani 9 hadi 15 za gesi hiyo kwa miezi mitano hivi. Lakini tuangalie: mashina yakichomwa au yakioza, gesi inarudi hewani. Sehemu ya ndani ya shina, ikichanganywa na chokaa, yajengea kuta za nyumba. Hapo kaboni itakaa muda mrefu. Basi faida hiyo si ya shamba peke yake, ni ya shamba na ya fundi pamoja.

Lakini tusidanganyike. Katani haifanyi miujiza. Si jamaa ya maharagwe, haiwezi kukamata naitrojeni ya hewa. Nayo inaihitaji sana. Mkulima asiyetumia mbolea ya fabriki anapashwa kuipanda baada ya mmea wa jamaa ya maharagwe, au kutia samadi. Akivuna tu bila kurudisha kitu, udongo utachoka kama kwa zao jingine lolote. Tena kuna gugu moja, orobanche, linalonyonya mizizi ya katani. Akiipanda mahali pamoja kila mwaka, gugu hilo litaongezeka. Kumbe sifa si ya mmea peke yake, ni ya mkulima anayejua kubadilisha mazao, kufunika udongo na kuulisha.

Hapo ndipo tunapata jibu kwa mwalimu wetu. Kitu kinachofaa kuigwa si mbegu ile, bali akili ile. Vijana wanaopanda bangi wakisema wanaponya udongo, hawaponyi kitu: wanavunja sheria, na majani wanayavuta wala hawayarudishi shambani. Kwetu mvua kubwa huchukua udongo wa milima ya Kivu, na mito yapita myekundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Dawa tunayo, wala haikatazwi. Katika Tanzania, kule Peramiho, Padre Gerold Rupper, Mbenedikto, alieneza mmea uitwao marejea. Waingereza huwapa jamaa zake jina la katani, ingawa si ndugu ya katani halisi. Marejea hufunika udongo na kushinda magugu, tena, kwa kuwa ni wa jamaa ya maharagwe, hulisha udongo kwa naitrojeni ya hewa, kazi ambayo katani haiwezi. Lakini mkulima aulize kwanza, kwani katika jamaa hiyo kuna mimea yenye sumu kwa wanyama.

Basi, mwalimu, uwaambie vijana hivi: Wafaransa hawalimi bangi yenu. Wanalima nyuzi, kwa mbegu zilizopimwa, na udongo wao wapata nafuu kwa sababu wanaurudishia walichokichukua. Nasi tukitaka mashamba yetu yapone, tuanze na jambo hilo: tusichome majani makavu baada ya mavuno, tuyaache yalale juu ya udongo. Kazi hiyo haitaki mbegu ya Ulaya wala franga moja.