Kuongeza Bila Kubomoa: Nyumba ya Mawe ya Lamu na Warithi Wake

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Hata hivyo, mila haikuwahi kumkataza mwenye nyumba kujenga. Makala haya yanafafanua jinsi nyumba kongwe ya ukoo mjini Lamu inavyoweza kuongezwa sehemu ya kisasa pasi na kuvunjiwa heshima.

Suala hili si la mafundi pekee. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2001, lakini familia haziishi kwa sifa. Watoto huongezeka, mirathi hugawanywa, na nyumba isiyowatosha warithi aghalabu huishia kuuzwa kwa wageni.

Ikumbukwe kuwa kuongeza ni desturi ya nyumba hizi. Binti alipokaribia kuolewa, baba aliweza kumjengea orofa juu ya nyumba ya wazazi. Jamaa walipotenganishwa na kichochoro, lilijengwa wikio, yaani chumba kivukacho njia kwa juu, wanawake wakapita bila kushuka barabarani.

Kipimo cha kwanza cha mjenzi wa leo ni boriti. Dari za kale hubebwa na boriti za mikoko, ndiposa upana wa chumba ukawa takriban mita 3 tu. Chumba kipya kikifuata upana huo, kuta zake hukaa juu ya kuta za zamani na uzito hushuka moja kwa moja hadi msingini.

Pili ni chokaa. Kuta za matumbawe hunywa unyevu na kuutoa. Zikikandikwa saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya, na ukuta huanza kumomonyoka.

Tatu ni kiwanda, ule ua ulio wazi katika nyumba. Kwa kuwa ndio nafasi tupu pekee, wengi hushawishika kuuezeka. Lakini msana na ndani, vyumba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine, hupata mwanga na hewa kutoka huko. Kuufunika ni kuipofusha nyumba. Hali kadhalika, madirisha ya orofa mpya yasichungulie kiwanda cha jirani, kwani sitara ni nguzo ya ujenzi huu.

Usasa basi uwe wapi? Jiko, bafu na mabomba viwekwe katika sehemu mpya, ili kuta zenye zidaka zisichimbwe. Sehemu hiyo nayo isiige nakshi za kale. Iwe sahili, ijulikane umri wake. Kibali cha wahifadhi kitafutwe kabla ya jiwe lolote kuondolewa.

Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alizisawiri nyumba za Pate zilizokosa watu, ndege wakajifanyia makao katika madaka yake. Wasomaji wa utenzi huo wanafahamu vyema kwamba nyumba haifi kwa kuongezwa chumba. Hufa kwa kuhamwa.