Sera ya Kuelekea Mashariki na Mkataba Usioonekana

Serikali ya Rais Mwai Kibaki iliposhika hatamu mwishoni mwa 2002, ilianza kuugeuza uso wa nchi kuelekea Mashariki. Agosti 2005 Kibaki alizuru Uchina, na Desemba mwaka huohuo Taasisi ya Confucius ikafunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza barani Afrika. Tangu hapo wataalamu wamegawanyika. Wapo wanaoshikilia kwamba Kenya sasa inaweza kuchagua mkopeshaji. Wengine wanaona kwamba mwombaji amebadilisha tu mlango wa kupiga hodi.

Mjadala huo ulipamba moto baada ya 2014, Kenya ilipokopa takriban dola bilioni 3.2 kutoka Benki ya Exim ya Uchina ili kujenga reli mpya kutoka Mombasa hadi Nairobi. Reli ilizinduliwa 2017. Mkataba wenyewe, hata hivyo, haukuwekwa hadharani, na kwa miaka minane watafiti walibishana juu ya waraka ambao wengi wao hawakuwa wameusoma. Uvumi kwamba bandari ya Mombasa imewekwa rehani ulistawi katika pengo hilo. Serikali ilipochapisha sehemu za mkataba Novemba 2022, ilibainika kwamba unatawaliwa na sheria za Uchina, na kwamba mizozo ingeamuliwa na wasuluhishi jijini Beijing. Kipengele cha usiri nacho kilikuwamo. Ajabu ni kwamba Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 35, ilikuwa imekwisha kumpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola.