Tumlinde Mama Mjamzito na Ugonjwa wa Toksoplasmosi



Mwanamke apandaye kilima cha Ediofe, karibu na mji wa Arua, kwenda kliniki ya wajawazito, hupimwa damu, kaswende na virusi vya UKIMWI, kama ilivyo desturi ya kliniki hizo nchini Uganda. Hupewa pia dawa ya kuzuia malaria na vidonge vya kuongeza damu. Huduma hizo ni hazina, na kila mjamzito hana budi kuzifuata. Lakini uko ugonjwa mmoja usiopimwa kwa kawaida katika vituo vyetu vya afya, nao waweza kumdhuru mtoto kabla hajaiona dunia. Huo ni ugonjwa wa toksoplasmosi.

Kijidudu kiuletacho kiligunduliwa mwaka 1908 huko Tunis, katika bara hili hili la Afrika, na wataalamu Charles Nicolle na Louis Manceaux, ndani ya mnyama mdogo mfano wa panya aitwaye gundi. Kijidudu hicho huweza kuishi katika wanyama na ndege wa kila aina. Hata hivyo, ilipofika karibu mwaka 1970 ndipo ilipothibitishwa kwamba hutaga vijiyai vyake ndani ya utumbo wa paka na jamaa zake wa mwituni tu. Paka akila panya mwenye kijidudu hicho, hutoa mamilioni ya vijiyai katika kinyesi chake kwa muda wa wiki moja hadi tatu. Vijiyai hivyo, vikipata udongo wenye unyevu, huweza kukaa humo mwaka mzima na zaidi.

Kutoka udongoni hutufikia kwa njia nyingi. Mkulima hula bila kunawa mikono. Mboga huliwa bila kuoshwa vizuri. Maji ya kisima kisichofunikwa hunywewa bila kuchemshwa. Mbuzi, nguruwe na kuku nao huokota vijiyai hivyo, na kijidudu kikajificha katika nyama yao; nyama hiyo ikiliwa haijaiva, kijidudu humwingia mlaji. Tena wako wajawazito wanaotamani kula udongo, nao hujitia hatarini moja kwa moja.

Uchunguzi uliofanywa Mwanza, nchini Tanzania, na kutangazwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba wajawazito watatu hivi katika kila kumi walikuwa na dalili katika damu ya kuwahi kuambukizwa. Je, hao watatu ndio wa kuhofiwa zaidi? La. Aliyeambukizwa zamani kwa kawaida mwili wake umekwisha jijengea kinga, na mtoto wake husalimika. Wa kuhofiwa ni wale saba, kwa kuwa hatari kubwa ni kuambukizwa mara ya kwanza wakati wa mimba. Lakini mama mwenye virusi vya UKIMWI, hata kama aliambukizwa zamani, asikose dawa zake, kwa maana kinga ikidhoofu kijidudu kilicholala huamka.

Mama mwenyewe huenda asihisi kitu, au apate homa ndogo na kuvimba tezi za shingo, akadhani ni malaria. Kumbe kijidudu kimekwisha vuka kondo la nyuma. Mimba ikiwa changa, kijidudu huvuka kwa nadra, lakini madhara yake ni makubwa: mimba kuharibika, maji kujaa kichwani mwa mtoto, au ubongo kudhurika. Mimba ikiwa pevu, huvuka kwa wepesi zaidi. Mtoto huzaliwa akionekana mzima, kisha macho yakafifia miaka mingi baadaye.

Basi tufanye nini? Nyama na ipikwe hata wekundu wote utoweke, na kisu na ubao vioshwe kwa sabuni. Maziwa na maji yachemshwe. Dawa ya kutia majini pekee haiviui vijiyai hivyo. Mikono ioshwe kila mtu atokapo shambani. Twajua kwamba kuni ni ghali, lakini nyama iliyoiva nusu ni ghali zaidi.

Wala hatusemi paka wauawe. Paka ndiye mlinzi wa ghala la mtama na ufuta. Asipewe nyama mbichi, na kinyesi chake kifukiwe kila siku na mtu mwingine, si mjamzito. Kikiondolewa siku ile ile, vijiyai huwa bado havijapata nguvu ya kuambukiza.

Mwisho, mimba inapoharibika, jamaa wasikimbilie kumlaumu mama au kumtafuta mchawi. Aende hospitali achunguzwe. Na mume asiseme kwamba hayo ni mambo ya wanawake: anayechinja mbuzi, anayechoma nyama na anayechimba kisima, mara nyingi ni yeye. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.