Tarakilishi yaingia karakana, patasi yasalia mkononi mwa seremala

MTEJA anayetaka kabati la jikoni litakaloingia barabara katika pembe iliyopinda ya nyumba yake hawezi kulipata dukani. Humwendea seremala. Kwa miongo mingi seremala huyo alitegemea msumeno, randa, patasi na jicho lake. Siku hizi, katika baadhi ya karakana ndogo za Nairobi na miji mingine, ameletewa mwenzake asiyetokwa na jasho: mtambo wa kukata mbao unaoongozwa na tarakilishi.

Teknolojia yenyewe si ngeni. Mnamo 1952, wataalamu wa chuo cha MIT nchini Marekani walionyesha mashine ya kukata chuma iliyopokea maagizo kupitia utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Ilikuwa kubwa, ghali, na ilikusudiwa viwanda vya ndege. Useremala ulisubiri muda mrefu kupata mgao wake. Ni mwaka wa 1996 ambapo Ted Hall, msomi wa sayansi ya ubongo katika Chuo Kikuu cha Duke, alianzisha kampuni ya ShopBot baada ya kukosa mashine ya bei nafuu ya kukatia plaiwudi za kuundia mashua. Mitambo ya aina hiyo ndiyo iliyofungulia karakana ndogo mlango.

Kazi huanzia mbali na mbao. Mbuni hupima chumba, akachora kabati katika tarakilishi, kisha programu ikageuza mchoro kuwa mfululizo wa amri: sogea kulia milimita kadhaa, shuka, kata, inuka. Ubao hulazwa mezani na kubanwa usitikisike, na kichwa chenye makali, kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika, hufuata amri hizo. Karakana nzima huweza kuendeshwa na watu watatu au wanne: mbuni, msimamizi wa mtambo, na seremala anayeunganisha vipande, kupiga msasa na kupaka vanishi.

Faida kubwa, kinyume cha wanavyodhani wengi, si kasi bali ni uhifadhi wa mbao. Chukua ubao wa kawaida wa plaiwudi wenye urefu wa milimita 2440 na upana wa milimita 1220. Fundi anataka mbavu za kabati zenye kimo cha milimita 720 na kina cha milimita 560. Akizipanga kimo kikielekea upande wa upana wa ubao, atapata nne tu na ukanda usiofaa kwa mbavu nyingine. Akizigeuza, atapata sita. Programu hufanya hesabu hiyo kwa nukta chache, hata vipande vikiwa arobaini vya maumbo tofauti. Seremala hodari naye huiweza, lakini si kila siku wala si jioni akiwa amechoka.

Hesabu hiyo ina uzito nchini Kenya. Februari 2018, serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, marufuku iliyoongezwa muda mara kadhaa. Ilipofika Julai 2023 ndipo Rais William Ruto akatangaza kuiondoa. Katika kipindi hicho, mafundi walielewa vyema thamani ya kila kipande kinachotupwa jalalani.

Hata hivyo, mtambo una upofu wake. Makali yake ni ya mviringo, kwa hiyo hayawezi kukata pembe mraba ndani ya tundu. Makali yenye kipenyo cha milimita 6 huacha pembe yenye mviringo, na ulimi wa mbao wenye pembe kali hukataa kuingia. Ama mbuni apanue pembe kwa kuitoboa zaidi, ama seremala aimalizie kwa patasi. Kadhalika, plaiwudi iliyoandikwa milimita 18 huweza kupungua kwa nusu milimita, na kiungo kilichochorwa kwa kuamini maandishi hayo kikalegea. Mtambo haujui pia kuwa mbao zilizokauka Nairobi zitafura zikifikishwa kwenye unyevu wa Mombasa. Anayejua ni mzee wa karakana, aliyekwisha kuona milango mingi ikigoma kufungika.

Umeme ukikatika kazi ikiwa katikati, mtambo huweza kupoteza mahali ulipofikia na ubao mzima ukaharibika. Vumbi nalo si la kupuuzwa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka vumbi ya mbao miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Karakana inayonunua mtambo bila kifaa cha kufyonza vumbi imefanya biashara mbovu.

Je, seremala atapoteza kazi? Kwa kiti kimoja cha kuagizwa, kuchora na kuandaa mtambo huweza kuchukua muda kuliko kukata kwa mkono. Hatari halisi imo kwingine: katika nakshi. Mtu akipiga picha mlango wa Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2001, anaweza kuchora upya maua na minyororo yake na kuyachonga mara mia bila kumlipa wala kumtaja yeyote. Nakshi hiyo itakuwa sawasawa mno, pasi na alama ya mkono, na mnunuzi asiyeijua huenda asiitofautishe na ya asili. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za kijadi inataka idhini ya jamii husika itafutwe kabla ya matumizi ya namna hiyo, na imezipa serikali za kaunti jukumu la kusajili urithi huo.