Maji maangavu si lazima yawe salama: funzo la Hamburg kwa wazazi wa Njombe na Makambako

Asubuhi mjini Njombe, maji ya bomba hutoka baridi kiasi cha kutia meno ganzi. Ni maangavu na hayana harufu. Mtoto anayewahi shule huyakinga kwa kikombe na kuyanywa hapohapo. Umbali wa kilomita zipatazo 60, njia panda ya Makambako, watoto wa wasafiri hujaziwa chupa popote bomba linapoonekana. Wazazi wengi huona maji yakiwa masafi machoni, basi yanatosha.

Mji mmoja tajiri wa Ulaya uliwahi kulipa gharama kubwa kwa kunywa maji ambayo hayajatibiwa. Mji huo ni Hamburg, kaskazini mwa Ujerumani.

Bandari yenye undugu na Tanzania

Hamburg umejengwa kando ya mto Elbe, takriban kilomita 100 kutoka baharini. Ni mji wa pili kwa ukubwa Ujerumani baada ya Berlin, na bandari yake ndiyo kubwa kuliko zote nchini humo. Enzi za ukoloni wa Wajerumani, meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, iliyoanzishwa mwaka 1890, zilitoka huko kuja Tanga na Dar es Salaam. Tangu mwaka 2010, Hamburg na Dar es Salaam ni miji rafiki.

Mto mmoja, majirani wawili

Mwaka 1842 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Hamburg. Katika kuujenga upya, mhandisi Mwingereza William Lindley alisimamia ujenzi wa mabomba ya maji na mifereji ya majitaka. Maji yalichotwa mto Elbe na kupelekwa majumbani bila kuchujwa. Mpango wa kujenga chujio ulicheleweshwa kwa miaka mingi, viongozi wakibishana juu ya gharama.

Agosti 1892 kipindupindu kikaingia. Ndani ya wiki chache watu wapatao 17,000 waliugua, na zaidi ya 8,600 wakafariki dunia.

Jirani kabisa na Hamburg kulikuwa na mji wa Altona. Wakazi wake nao walikunywa maji ya Elbe, tena yaliyochotwa chini zaidi, baada ya majitaka ya Hamburg kumwagwa mtoni. Lakini Altona walikuwa wakiyachuja maji yao kwa mchanga, na ugonjwa haukuwapiga kama ulivyowapiga majirani zao. Kwenye mtaa uliokuwa mpaka wa miji hiyo, nyumba za upande wa Hamburg zilipata wagonjwa wengi, huku za upande wa Altona zikisalimika kwa kiasi kikubwa.

Daktari Robert Koch, aliyekuwa amekwisha kuonyesha kuwa kipindupindu husababishwa na bakteria, alitumwa kwenda kusaidia. Shule zilifungwa, na wananchi wakagawiwa maji yaliyochemshwa. Miaka michache baadaye, Koch huyohuyo alifika Tanganyika kufanya utafiti wa malaria. Hamburg ilianza kuchuja maji yake mwaka 1893. Mwaka 1900 ikafunguliwa taasisi ya magonjwa ya mabaharia na ya nchi za joto, ambayo leo ina jina la daktari wa bandari Bernhard Nocht na bado inatafiti magonjwa kama malaria.

Nyumbani ufanye nini

Mji wa Njombe upo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda juu, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi joto 100. Kwa hiyo usiepue sufuria mara tu unapoona mapovu. Acha maji yatokote kwa dakika tatu.

Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa safi. Kama kuni au mkaa ni tatizo, tumia dawa ya kutibu maji kwa kufuata maelekezo ya kwenye pakiti, kisha subiri nusu saa kabla ya kunywa. Hifadhi maji kwenye chombo chenye mfuniko, ikiwezekana chenye koki, ili mikono na vikombe visizame ndani. Mtoto aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka chooni.

Mtoto akianza kuharisha, usimnyime maji wala chakula. Changanya pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji safi, umnyweshe kidogokidogo kila anapoharisha. Anayenyonya aendelee kunyonya. Kituo cha afya kitakupa pia vidonge vya zinki.

Akiharisha majimaji meupe kama maji ya mchele, akitapika mfululizo, macho yakizama au akilegea, mpeleke kituo cha afya mara moja bila kusubiri kuche. Kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache, lakini mgonjwa anayewahi kurudishiwa maji mwilini kwa kawaida hupona.

Kwa mzazi wa Njombe au Makambako, kazi yenyewe ni ya jioni. Chemsha maji baada ya chakula cha usiku, yafunike yapoe. Kwa baridi ya huku, asubuhi mtoto atayakuta yamepoa kama ya bombani, na chupa yake ya shule itajazwa hapohapo.