Kanseri ya mguu: kabla ya kukubali kisu, na kabla ya kukikataa

Leo tuongee juu ya mguu.

Kwetu Luvungi, kidonda cha mguu kinatembea safari ndefu kabla hakijafika hospitali. Mtu analima mchele au muhogo, anaona alama nyeusi kwenye unyayo, anasema ni mwiba. Miezi inapita, alama zinakuwa tatu, mguu unavimba, kiatu hakiingii tena. Mganga wa majani anakula mbuzi, jirani anasema ni sumu. Siku muzee anafika Bukavu na kusikia neno kanseri, jibu lake wengi tunalijua: “Kama ni kukata muguu, munirudishe nyumbani.”

Mimi simcheki. Mlimaji wa bonde la Ruzizi bila mguu atakula nini? Lakini wengi hawajui kwamba kuna kanseri za ngozi ambazo hazidai kisu kwanza. Zinaweza kutibiwa kwa mionzi. Na kuna zingine ambazo kuomba mionzi badala ya kisu ni kujiua polepole. Kwa macho, zote mbili zinaweza kuwa doa jeusi kwenye unyayo. Hapo ndipo hatari ilipo.

Ya kwanza inaitwa Kaposi, jina la daktari aliyeieleza huko Vienna mwaka 1872. Kwa dunia nzima ni kanseri adimu. Kwetu hapana: mashariki ya Kongo na Uganda zilijulikana kwa ugonjwa huu zamani sana kabla ya SIDA, hata mwaka 1961 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Kampala kuujadili huo peke yake. SIDA ilipokuja iliongeza wagonjwa, ndiyo, lakini muzee mwenye Kaposi anaweza kabisa kuwa hana virusi vya SIDA. Familia zimwache na masengenyo. Mwaka 1994 Yuan Chang na Patrick Moore waligundua virusi vingine, vya jamii ya herpesi, ambavyo ndivyo asili yake, na vinapita hasa kwa mate. Kwa hiyo si sumu wala urogi.

Kwa nini kisu hakipatani sana na Kaposi? Kwa sababu ugonjwa huu hupenda kutokea mahali pengi. Doa moja dogo linaweza kukatwa, sawa. Lakini madoa kumi na mawili kwenye mguu uliovimba, ukikata hili, lingine linatokea pembeni. Mionzi inapita juu ya eneo zima. Inaharibu mbegu ya urithi ndani ya seli, na seli ya kanseri haijui kujitengeneza vizuri kama seli nzima. Ndiyo maana mara nyingi dozi hugawanywa: leo kidogo, kesho kidogo, ili ngozi nzima ipate nafasi ya kupona. Kaposi inasikia mionzi vizuri: madoa hufifia, damu na maumivu hupungua. Mgonjwa analala dakika chache tu, hasikii kitu, kama wakati wa kupigwa picha ya radio.

Kuna jambo moja linanifurahisha hapa. Mionzi yenye nguvu kubwa haifanyi kazi yake kubwa juu ya ngozi. Inaingia kwanza, halafu inaacha dozi kubwa chini kidogo. Sasa kama ugonjwa uko kwenye ngozi yenyewe? Mgonjwa anatia mguu ndani ya maji! Maji yanakuwa kama nyama ya ziada, mionzi inaanzia humo, na ikifika kwenye ngozi imeshapata nguvu yake. Yanajaza pia nafasi kati ya vidole, dozi inakuwa sawa kila upande. Beseni la maji pembeni ya mashine ya mamilioni ya dola.

Mipaka iko. Mionzi haiondoi virusi mwilini, madoa yanaweza kutokea kwingine. Ngozi inaweza kukakamaa, na mahali palipokwisha kupokea dozi kamili hapachomwi tena ovyo. Kama ugonjwa umeenea, dawa za kupitia mshipa ndizo zinaongoza, na mwenye SIDA lazima anywe dawa zake za kila siku.

Sasa ile nyingine: melanoma. Kwa watu weusi hupenda unyayo, kiganja na chini ya kucha. Bob Marley alikutwa nayo kwenye kidole cha mguu mwaka 1977, akakataa kukatwa kidole. Alikufa tarehe 11 Mei 1981, na miaka 36 tu. Kwa melanoma ambayo bado haijasambaa, kisu ndiyo tiba, na mionzi ni msaidizi. Atakayewatenganisha hawa wawili ni biopsi, yaani kukata kanyama kadogo na kukaangalia kwa darubini. Anayekimbia hako kanyama kadogo kwa kuogopa kisu ndiye anayejipeleka kwenye kisu kikubwa.

Shida yetu sasa ni mashine. Kivu ya Kusini hatuna. Kigali wanatoa mionzi tangu 2019, katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, na kutoka Luvungi unapita Kamanyola, unavuka Ruzizi kuingia Bugarama, mpaka ukiwa wazi. Kampala pia ipo, ingawa mwaka 2016 mashine yao pekee ya Mulago iliharibika na wagonjwa wakangoja karibu miaka miwili.

Kwa hiyo, ukisindikiza muzee, kabla ya kuuza ng'ombe hakikisha jibu la biopsi limeandikwa, na ubebe pia vile vioo vya maabara, wasije wakaanza upya huko. Halafu mwulize daktari: ni vipindi vingapi? Vipindi kumi ni wiki mbili za kulala na kula Kigali, maana kwa kawaida Jumamosi na Jumapili hawafanyi. Lakini kwa Kaposi wakati mwingine dozi moja tu inatosha kutuliza mguu, na muzee anaweza kurudi Luvungi kesho yake. Daktari anaweza asikuambie hilo kama hujauliza, kwa sababu yeye hajui mnalala wapi.