MTOTO HUPENDA KITABU AKISOMEWA NYUMBANI

Wazazi wengi hudhani ya kuwa kumfundisha mtoto kupenda vitabu ni kazi ya mwalimu peke yake. Hulipa karo, hununua daftari na kalamu, kisha huketi kungojea matunda. Lakini mtoto asiyepata kuona kitabu ila shuleni, tena kwa hofu ya fimbo, hukihesabu kuwa ni mzigo. Siku amalizapo mtihani wake wa mwisho hukiweka kando, na baada ya miaka michache maarifa yake ya kusoma huwa kama shamba lililoachwa, ambalo magugu yamelimeza.

Watu wa pwani walilitambua jambo hili tangu zamani. Mnamo mwaka 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, bibi mmoja wa kisiwa cha Pate, karibu na Lamu, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha. Alikuwa mgonjwa, akajua ya kuwa huenda hataishi kumlea. Mwanzoni mwa utenzi huo humwita binti aje karibu naye, na wino na karatasi mkononi. Basi maandiko ya kwanza ya thamani kwa mtoto yule yalitoka kwa mama yake mwenyewe.

Kadhalika Shaaban Robert wa Tanganyika, aliyekuwa karani wa Idara ya Forodha kwa miaka mingi, aliwatungia wanawe tenzi mbili: Utenzi wa Hati kwa binti yake, na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Kazi ya ofisi haikumzuia kuwapa watoto wake urithi wa maneno.

Labda mkulima atasema kwamba yeye si mtunzi, tena hana nafasi. Hapana haja ya kutunga. Robo saa baada ya chakula cha jioni yatosha. Baba asome hadithi kwa sauti, na afikapo mahali patamu akifunge kitabu. Kesho mtoto mwenyewe atakileta. Mama asiyejua kusoma asione haya. Na amwambie mtoto amsomee, naye aulize, "Kisha ikawaje?" Mtoto anayesikilizwa na mamaye huona fahari kuu. Vilevile apewe barua ya mjomba au bei za mahindi gazetini awasomee wazee, apate kujua ya kuwa kusoma kuna faida hata nje ya darasa. Akikosea neno, asahihishwe kwa upole, asichekwe.

Vitabu navyo vyaweza kuazimwa. Mwaka 1996 idara ya maktaba za taifa ya Kenya ilianza kutumia ngamia kuwapelekea wafugaji wa Garissa masanduku ya vitabu, kwa kuwa barabara za huko zilikuwa mbaya. Lakini ngamia hufika na kuondoka. Wa kukifungua kitabu jioni pamoja na mtoto ni mzazi.

Wahenga walisema, udongo upatize uli maji. Mtoto wa miaka sita hukaa kwa furaha karibu na babaye akisomewa. Akifika miaka kumi na mitano atakuwa na mambo yake. Yafaa kila mzazi aanze mapema, wakati mtoto angali akitaka kusikiliza.